Mnanaa wa maabara na mnanaa wa birikani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu habari mliyoichapa juma lililopita, iliyoambatana na picha ya kisahani cha maabara na maelezo kwamba dondoo (kimiminika chenye viini vilivyotolewa kwenye majani) la mnanaa wa pepaminti limethibitishwa kuua bakteria, hivyo msomaji akahimizwa kunywa chai yake badala ya vidonge. Nimekuwa fundi sanifu wa maabara kwa miaka mingi, na vipimo vya namna hiyo nimevipanga kwa mikono yangu mwenyewe.

Kipimo chenyewe si kigumu. Bakteria hupakwa juu ya agari, yaani utelezi mgumu wa kuoteshea vijidudu, vikaratasi vya duara vilivyoloweshwa dondoo hupangwa juu yake, kisahani hulazwa usiku kucha katika joto la nyuzi 35 hivi, na asubuhi hupimwa kwa rula upana wa eneo ambalo bakteria hawakuota. Habari yenu haikuuliza majani yalilowekwa katika nini. Kama ni ethanoli, na kikaratasi hakikuachwa kikauke, basi eneo lile safi huenda ni kazi ya ethanoli, ambayo ndiyo hiyo hiyo tunayotakasia mikono. Kwa sababu hiyo ni lazima pawepo kikaratasi cha pili chenye ethanoli tupu, na cha tatu chenye kiuavijasumu kinachojulikana. Katika picha yenu nilihesabu kikaratasi kimoja.

Tuseme yote hayo yalizingatiwa. Bado chai si dondoo. Mafuta yaliyokenekwa kutoka pepaminti huwa na mentholi, kiini chake kikuu chenye ubaridi, ya takriban asilimia 30 hadi 55, ilhali maji ya moto hutoa sehemu ndogo tu ya mafuta yaliyomo kwenye majani, na sehemu ya hayo hupotea na mvuke (harufu nzuri inayojaza jikoni ndiyo hiyo dawa inayokimbia). Isitoshe, pepaminti ni chotara, na fungu la mnanaa la sokoni laweza kuwa la mzazi wake mmoja, mnanaa wa kawaida, ambao mafuta yake kwa kawaida hutawaliwa na kavoni, kiini kingine cha harufu, si mentholi.

Siudharau mmea huu. Mafuta yake, yakiwekwa katika vidonge vyenye ganda lisiloyeyuka mpaka lipite tumbo na kufika kwenye utumbo, hulegeza misuli ya utumbo na kuwapunguzia maumivu baadhi ya watu wenye msokoto wa mara kwa mara. Lakini hilo lilijulikana kwa kuwafuatilia wagonjwa waliopewa vidonge hivyo wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa, wala halikusomwa kwenye kisahani.

Naomba basi maelezo ya picha ile yachapwe upya, yakitaja kimiminika kilichotumika, kiasi cha dondoo na aina ya bakteria, na yachapwe mapema, kwa ajili ya msomaji aliyeandikiwa dawa za homa ya matumbo akaziweka kando.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi sanifu wa maabara,
Morogoro