Jumamosi msituni: kila mtu picha 36 tu

Habari za jioni wapendwa. Kuhusu matembezi ya Jumamosi: safari hii hatukimbizani na picha. Mara iliyopita nilirudi na picha mia nne na ushei, na sikuipenda hata moja. Matawi matupu!

Kwa hiyo kila mtu ana picha 36, kama enzi za filamu, mkanda mmoja ulipotoa picha 36 tu. Ukifika, zima kamera, kaa chini ya mti mmoja dakika ishirini. Sikiliza, tazama mwanga unavyohama kwenye gome. Utachoka kukaa, lakini usinyanyuke. Hapo ndipo macho huanza kuona.

Msitu una vurugu, kila kitu kinagombea nafasi. Kabla ya kubonyeza, pitisha macho kwenye kingo nne za fremu, ujiulize nini kitoke. Mara nyingi hatua moja kushoto inatosha kutenganisha shina na shina. Anga jeupe likichungulia kati ya majani huvuta jicho, likwepeni. Wala msiombe jua kali: mawingu hulainisha mwanga, ila jua chini ya miti huacha madoa meupe yasiyorekebishika. Humo ndani ni kiza kiasi, kamera hulazimika kufungua lenzi muda mrefu zaidi, basi leteni stendi ya kamera. Ikifunguka kwa 1/8 ya sekunde, mkono hautulii. Mwenye filta ya polaraiza, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi, aje nayo, hupunguza mng'ao kwenye majani yenye unyevu.

Simu ruksa, bila mlio. Tusikanyage miche wala kuvunja tawi ili picha ipendeze.

Tukutane saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Asiyekuja aseme mapema, jamani.