Ziba nyufa kabla ya kununua kiyoyozi kikubwa

Mhariri,

Joto la Desemba hadi Machi likipamba moto hapa Dar es Salaam, uniti za LUKU huisha upesi na wengi hukimbilia kiyoyozi kikubwa zaidi. Tunawasihi waanze na chumba chenyewe. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu; kila inapopenya ndani, mashine huipoza na kuikamua maji. Lita moja inayotoka kwenye bomba la nje imekula karibu robo ya uniti.

Siku ya upepo, funga chumba, zima feni na kiyoyozi, kisha pitisha kijiti cha udi taratibu kando ya fremu, mlango na tundu la mabomba ya kiyoyozi. Moshi ukiyumba, hapo panavuja. Uwazi wa sentimita 1 chini ya mlango wa sentimita 90 ni sawa na tundu la sentimita 9 kwa 10 ukutani. Funga brashi ya mlango iguse sakafu bila kukwama.

Kwenye madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, brashi nyembamba za pembeni husagika. Chomoa kipande uende nacho dukani: ikiwa fupi haizibi, ikiwa ndefu dirisha linagoma. Na tafadhali, msijaze silikoni kwenye vitundu vya chini ya fremu! Hivyo hutoa maji ya mvua. Ukiviziba, masika maji yataingia sebuleni.

Silikoni ni ya kati ya fremu na ukuta. Kwangua ya zamani, futa vumbi, pakauke kabisa. Ikikaa juu ya rangi inayobanduka itaachia nayo. Tyubu ya mililita 300, kwa mstari wa upana na kina cha milimita 6, hufika kama mita 8. Haishiki rangi, hivyo panapopakwa rangi tumia akriliki ya kuzibia.

Vioo vya luva havizibiki. Funga kioo kizima kwa ndani, chenye bawaba, ili asubuhi kifunguliwe, maana kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakiingizi hewa mpya. Jiko la mkaa lisiingie kabisa kwenye chumba kilichozibwa. Hewa yake ya sumu huua watu wakiwa usingizini.

Anayetaka uhakika akinge ndoo kwenye bomba la kiyoyozi usiku mmoja kabla ya kuziba na mwingine baada, saa zilezile, nyuzi zilezile, watu walewale chumbani, kisha apime maji.

Mafundi viyoyozi,
Dar es Salaam