Jua halina kosa, kosa ni la mipangilio

Mhariri,

Nimekuwa msomaji mkimya wa gazeti lako kwa miaka mingi, lakini taarifa yenu kwamba umeme wa sola unayumbisha gridi imenilazimisha kushika kalamu. Mwandishi ameeleza kana kwamba paneli humwaga umeme ovyo na hakuna wa kuuzuia. Paneli haziamui lolote. Inayoamua ni inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi, nayo hufuata ilivyopangwa.

Nayasema haya kwa uchungu. Nyumba yangu iko mwisho wa njia ndefu ya umeme. Umeme ukitoka kwangu kurudi kwenye transfoma hauna budi kushinda ukinzani wa waya, hivyo volti za kwangu hupanda. Jua la adhuhuri likikolea na majirani wakiwa makazini, volti 230 zilikuwa zikivuka 253, inveta ikajizima, ikasubiri, ikawaka, ikajizima tena. Miezi minane! Fundi aliyenifungia alisema paneli ni mbovu, akabadilisha mbili kwa fedha zangu, kisha akalaumu waya, mwishowe akaacha kupokea simu. Fundi wa pili aligundua kwamba inveta ile ile ilikuwa na uwezo wa kupunguza umeme kidogo kidogo volti zinapokaribia kikomo, na hata kuvuta nguvu riaktivu (umeme unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi) kutoka kwenye gridi ili volti zishuke, ila vyote viwili vilikuwa vimezimwa kwenye mipangilio tangu siku ya kwanza. Aliviwasha kwa robo saa. Sasa adhuhuri napoteza sehemu ndogo ya umeme, si wote.

Ujerumani ilikwisha kukumbana na tatizo kama hili la mipangilio kwa ukubwa zaidi: inveta nyingi mno zilipangwa zijizime kwa pamoja masafa ya gridi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) yakifika hezi 50.2 badala ya 50 za kawaida, hadi kanuni ya mwaka 2012 ilipolazimisha zirekebishwe.

Linaloniudhi zaidi ni nenosiri. Fundi wa kwanza alikataa kunipa nenosiri la kifaa nilichokinunua mwenyewe, na najua si mimi peke yangu niliyetendewa hivyo.

Naomba iwe lazima kubandika karatasi ndani ya mlango wa kisanduku cha swichi, yenye volti za kujizima, kikomo cha umeme unaoruhusiwa kwenda kwenye gridi, upande ambao kihisi cha mkondo (kinachopima umeme unaoingia na kutoka) kimeelekezwa, tarehe na saini ya fundi. Nenosiri akabidhiwe mwenye nyumba siku hiyo hiyo, kabla fundi hajalipwa.

Msomaji wenu wa siku nyingi