YAH: HOPSI ZA KUPIKIA BIA ZILIZOHARIBIKA, HAMIRA ILIYOPITA MUDA NA KEJELI NILIYOFANYIWA KAUNTA KWENU

Birmingham,
22 Mei 2025

Kwa Meneja,

Salaam.

Nawaandikia kwa Kiswahili makusudi. Kejeli niliyofanyiwa dukani kwenu tarehe 10 Mei ilisemwa kwa Kiswahili, na aliyeisema ni mfanyakazi wenu, kwa hiyo msomaji mnaye. Awasomee neno kwa neno, asiruke kitu.

Barua pepe yangu ya tarehe 12 mliijibu kwa sentensi moja, kwamba bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi. Masharti yenu mnayajua, sitayarudia hapa. Nauliza tu: hamira iliyokufa ndani ya pakiti, mteja ataijuaje kabla hajaipasua?

Niliwalipa pauni 89 kwa seti ya anayeanza, ya kupikia lita 23 za bia ya hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Kwenye boksi mmeandika “pale ale”, jina la aina ya bia, na kuchora balungi. Unga wa kimea sina neno nao. Hamira kavu, gramu 11.5, imeandikwa mwisho wa matumizi Septemba 2024. Hopsi, aina ya Cascade, gramu 100, zimo kwenye mfuko wa nailoni uliobanwa kwa selotepu. Selotepu! Hopsi huharibiwa na hewa, joto na mwanga, ndiyo maana hufungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa na kuwekwa kwenye baridi. Nyinyi ndio wauzaji. Cascade nzima ni ya kijani na inanukia balungi. Zenu zilikuwa na rangi ya tumbaku na harufu ya jibini lililovunda. Mimi ni mgeni wa hopsi, nikadhani ndivyo zilivyo.

Nilifuata karatasi yenu mstari kwa mstari. Nilichemsha saa nzima, hopsi za uchungu mwanzoni, za harufu dakika kumi za mwisho. Vyombo vyote nilivilowesha kwenye dawa mliyoniuzia nyinyi wenyewe. Nikapoza mpaka digrii 20, nikatia hamira, nikafunga ndoo. Siku ya nne kile kijibomba cha kutolea hewa hakijatoa hata povu moja, na haidromita, kile kipimo cha kuonyesha sukari iliyobaki, ilisimama kwenye 1.048, pale pale ilipokuwa Jumapili nilipoanza. Kufika Jumamosi juu kumetanda ukoga mweupe.

Nikachukua chupa ya maji yale, pakiti na mfuko, nikapanda basi na binti yangu kuja kwenu. Kijana wa kaunta alitusikia tukizungumza, akaniamkia, “Shikamoo mama.” Nikaitikia marahaba kwa furaha, nikaona nimempata mtoto wa nyumbani. Akauliza natoka wapi, nikamwambia Marangu. Nikamweleza shida yangu. Akacheka, akasema: “Mama, hii siyo mbege. Hii bia ina sayansi yake. Hukusafisha vyombo. Rudi kwenye ndizi zako.” Kisha akamtafsiria mwenzake kwa Kiingereza, wakacheka wote wawili, na nyuma yangu foleni ya watu sita wanasikiliza.

Mbege haina sayansi? Mama yangu alipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, maisha yake yote. Alijua ulezi umeota kiasi gani ndipo uanikwe, ndizi zimeiva kiasi gani ndipo zichemshwe, na gome la mti wa msesewe likizidi kidogo tu uchungu unaharibu pipa zima. Kazi ya msesewe kwenye mbege ndiyo kazi ya hopsi kwenye bia yenu: kuukata utamu wa nafaka. Kwa sababu hiyo hasa nilitaka kujifunza bia hii. Nilitaka kuonja uchungu wa kwao nikiujua uchungu wa kwetu.

Na ni kijana huyo huyo aliyeniuzia seti, tarehe 3. Alisema kwa mtu anayeanza hakuna nyepesi kuliko hii.

Kuna jambo sikuliandika kwenye barua pepe, maana nilikuwa bado natetemeka. Kabla hajasema lolote kuhusu mbege, aliufungua ule mfuko wa hopsi akaunusa. Nilimwona. Alirudisha kichwa nyuma, akakunja pua, akaifunga selotepu haraka. Akaigeuza pakiti ya hamira, akaisoma tarehe, akailaza kaunta maandishi yakiwa chini. Alijua! Baada ya kujua ndipo alipocheka, ndipo aliposema rudi kwenye ndizi zako. Binti yangu alinivuta mkono tutoke. Hakusema neno mpaka tunafika nyumbani.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nataka pauni 89 zangu tu. Sasa nataka pauni 89, nauli ya basi ya watu wawili kwenda na kurudi, na barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe Meneja na kijana huyo, kwa Kiswahili. Nataka pia hopsi zote za mifuko ya selotepu ziondolewe rafuni, maana mgeni mwingine atazinunua, bia itamharibikia, naye ataambiwa hakusafisha vyombo.

Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inanipa siku 30 za kukataa bidhaa mbovu na kurudishiwa fedha zangu zote. Leo ni siku ya 19, na kwa barua hii naikataa rasmi. Nawapa hadi Ijumaa, tarehe 30 Mei. Baada ya hapo nitawapeleka Trading Standards, idara ya halmashauri inayosimamia haki za wanunuzi, na kisha mahakama ya madai madogo, na huko sitadai pauni 89 peke yake. Mfuko na pakiti ninavyo, selotepu yake na tarehe yake. Siwatumii kwa posta. Mtaviona mbele ya hakimu.

Mteja wenu,
Mama wa Marangu