Bwana afya alikagua jiko, bwawa akaligeuzia mgongo

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile habari ya Jumanne, kwamba mabwawa ya kuogelea jijini yanakaguliwa kila mara, imenikaa kooni.

Idi Mosi niliwapeleka wajukuu wanne kwenye bwawa moja huku kwetu Tabata. Maji yalikuwa rangi ya mlenda. Nikasimama ukingoni penye kina kirefu nikitafuta ule wavu wa chini wa kutolea maji, sikuuona. Mtoto akizama pale, nani atamwona? Mwokoaji alikuwa ndiye mkata tiketi, na mishikaki ikianza kuungua anakimbilia huko.

Nikamwuliza kama wamepima klorini. "Mzee wangu, dawa tunaweka asubuhi." Kisha, nadhani ili kuniridhisha, akaja na ndoo kuukuu ya rangi, akachota unga kwa kibakuli cha plastiki na kuumwaga majini, watoto wamo humo humo! Mimi maji nimeyapima maabara miaka 27 kabla ya kustaafu. Klorini ya bwawa inatakiwa iwe kama miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha maji kuwa na tindikali au magadi, kati ya 7.2 na 7.8; pH ikipanda sana, klorini inakuwa goigoi hata umwage gunia. Iliyowekwa alfajiri, jua la Dar linaila, saa saba mchana huna kitu. Na ile harufu kali inayotufanya tuseme "hapa pasafi" ni klorini iliyokwisha kuungana na mkojo na jasho letu. Kupima ni kichupa na dawa kidogo: maji yakigeuka pinki klorini ipo, yakibaki kama yalivyo toa watoto. Dakika mbili hazifiki. Mjukuu wangu wa pili ana wiki sasa sikio linatoa usaha.

Saa tisa hivi bwana afya akatokea, faili kwapani. Nikashukuru Mungu. Akaingia jikoni, akadai vyeti vya wapishi, akafunua pipa la taka, akanywa soda, akaaga. Bwawa lilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kiti chake! Sheria ya Afya ya Umma ya 2009 inampa mamlaka ya kuingia na kukagua, sasa sijui aliogopa kulowa. Mama ntilie wa mtaani kwetu alipigwa faini mwezi uliopita kwa ndoo ya lita 20 isiyo na mfuniko. Mwenye bwawa yeye anaagwa kwa kupeana mikono, na usiku spika zake zinatukesha mpaka saa nane, ukienda kulalamika unaambiwa kibali kipo. Kiko wapi? Kimebandikwa ukuta gani?

Kama vipimo ni ghali kwa manispaa, kila bwana afya apewe sarafu moja ya shilingi 200. Aitupe kwenye kina kirefu, asimame ukingoni, atuambie imelalia upande gani, juu kuna Karume au simba. Asipoiona, watoto watoke, geti lifungwe, na wa kuifuata sarafu chini awe mwenye bwawa mwenyewe, macho wazi.

Babu wa wanne,
Tabata, Dar es Salaam