Malalamiko kuhusu kifaa chenu cha kurekebisha mkao: kinapima pembe, mnauza afya ya mgongo

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA, KUFUTIWA TAARIFA ZANGU NA KUREKEBISHWA KWA TANGAZO LA KIFAA CHA MKAO

Rejea barua pepe tulizoandikiana kuhusu oda yangu, ambayo namba yake na risiti nimeziambatanisha. Nimeamua kuandika rasmi kwa sababu majibu ya dawati lenu la huduma hayabadiliki: nikiseti upya, nikibandike juu kidogo, nivumilie mwili uzoee. Kuna aliyenipa pole na kuahidi kunitumia kingine kipya. Naomba lieleweke tangu hapa kwamba kifaa changu si kibovu. Kinashika chaji, kinaunganika na simu bila shida, kinatetema vizuri tu. Kinafanya kila kitu mlichokiundia. Ninacholalamikia ni kwamba mlichokiundia sicho mlichoniuzia.

Tangazo lenu linasema kitaulinda mgongo wangu nikiwa mezani. Kazi yangu ni kuhariri maandishi, kwa hiyo nakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, na kiuno kilishaanza kunisumbua kabla sijawajua ninyi. Nilikuwa mteja wenu halisi kabisa.

Mwongozo umeeleza jinsi kifaa kinavyofanya kazi kwa mistari miwili, basi acha niieleze mimi. Ndani yake mna kihisi cha aina ileile iliyomo kwenye simu, kile kinachoijulisha simu imesimamishwa au imelazwa ili skrini igeuke. Kinahisi mvutano wa dunia, na kwa hesabu hiyo kinajua kimeinama nyuzi ngapi. Asubuhi nakibandika kati ya mabega, nakaa wima, nabonyeza kitufe, na pembe ya dakika hiyo ndiyo inayokuwa sahihi kwa siku nzima. Nikitoka nje ya pembe hiyo kwa sekunde kadhaa, kinatetema, na yule mtu mdogo wa kwenye programu anageuka kutoka kijani kuwa mwekundu. Hakuna kingine kinachopimwa. Kihisi kimoja, mahali pamoja mwilini, pembe moja.

Sasa tazameni kinachopita bila kuonekana. Niliwasha kamera ya kompyuta nijione kwa ubavu, nikashikilia mgongo wa juu palepale, nikaisukuma shingo mbele mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Kijani. Nikabinua kiuno na kutoa kifua kama askari wa gwaride, mpaka nikasikia misuli ya chini ya mgongo inakakamaa. Kijani. Nikakalia mguu mmoja, uzito wote upande wa kushoto. Kijani, na baadaye jioni ikaja arifa ya kunipongeza. Kisha nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya akitaka kufikiri: nikalegea, nikaegemea kiti, mgongo mzima ukapokelewa na kiegemeo. Kikatetema dhidi ya mbao ya kiti kwa mlio ambao, siku za mikutano ya mtandaoni, wenzangu wote wanausikia na kuniuliza kulikoni.

Hapo kwenye kuegemea ndipo naomba msimame kidogo, maana ndicho kiini cha malalamiko yangu. Kwa kifaa chenu, kuinama mbele na kuegemea nyuma ni kosa lile lile. Kwa uti wa mgongo ni mambo mawili tofauti kabisa. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake nchini Ujerumani walichapisha vipimo vya shinikizo ndani ya diski ya kiunoni (ule mto laini ulio kati ya pingili mbili za mgongo), vilivyochukuliwa kwa kihisi kilichopandikizwa katika mgongo wa mtu aliyejitolea. Akisimama kwa kawaida, shinikizo lilikuwa megapaskali (kizio cha kupimia shinikizo) 0.5. Akikaa bila kuegemea, 0.46. Akijiachia kitini, mgongo umelala kwenye kiegemeo, lilishuka hadi 0.27. Akikaa na kujipinda mbele kadiri awezavyo, lilipanda hadi 0.83. Ni mtu mmoja tu, na mtu mmoja hatoshi kutungia sheria ya dunia nzima. Lakini angalieni tofauti ya namba hizo mbili za mwisho, kisha mfungue programu yenu: zote mbili zinaandikwa kwa rangi moja, nyekundu, chini ya neno moja, kujikunja.

Wala si Wilke peke yake. Mwaka 2006, kwenye mkutano wa wataalamu wa radiolojia mjini Chicago, Waseem Bashir aliwasilisha picha za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku) za watu 22, zilizopigwa wakiwa wamekaa, kazi iliyofanyika Scotland. Mkao ambao diski zilisogea kidogo zaidi ulikuwa wa kuegemea nyuma, pembe ya nyuzi 135 hivi kati ya mapaja na kiwiliwili. Ule wa nyuzi 90, mgongo wima kama mlingoti, ambao kifaa chenu kinauita sahihi, haukushinda. Sisemi kila mtu aanze kuandika akiwa amelala chali. Mikono haifiki kwenye kibodi. Nasema kwamba kampuni inayouza kifaa cha mkao ilipaswa kulijua hili kabla ya kuamua rangi ya kijani iende wapi.

Dawati lenu lilinijibu kwamba nikitaka kuegemea nikiseti upya. Nimefanya hivyo. Nikiseti nikiwa nimeegemea, nikikaa wima kuandika kinatetema. Nikiseti nikiwa wima, nikiegemea kinatetema. Mtu anayefanya kazi anabadilisha mkao kila baada ya muda mfupi, na ndivyo inavyotakiwa. Mtaalamu wa viungo aliyekuwa akinitibu kiuno alinirudishia neno ambalo wenzake wengi hulisema: mkao bora ni ule unaofuata. Kifaa chenu kinafundisha kinyume chake. Alama za juu kabisa nilizowahi kupata ni za alasiri moja niliyokuwa na kazi ya haraka, nikakaa kimya kama nimepigwa picha, mabega juu, pumzi nusu, kwa kuogopa kuharibu mfululizo wangu wa kijani. Nilipoinuka shingo haikugeuka. Programu ikaniandikia kwamba hiyo ndiyo siku yangu bora.

Na nikiinuka? Nikienda kuchota maji, nikipanda na kushuka ngazi, nikisimama dirishani na simu sikioni, programu inasitisha kuhesabu. Muda huo hauongezi hata alama moja. Kwenye grafu ni pengo jeupe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri watu wazima wapunguze muda wa kukaa na badala yake wajishughulishe na mwendo wa kiwango chochote, hata wa polepole. Yaani jambo moja la mezani ambalo lingenisaidia bila ubishi, kifaa chenu kinalihesabu sifuri. Kihisi hichohicho kinatambua mwendo, vinginevyo kisingejua kusitisha. Mngeweza kukifanya kitetemeke pale ninapokuwa sijasogea kwa muda mrefu, kiwe na pembe yoyote ile. Hilo lingekuwa badiliko la programu tu, bila kugusa kifaa. Nimeliandika kama pendekezo mara kadhaa, na kila mara nashukuriwa kwa maoni yangu yenye thamani.

Kuhusu usahihi wa takwimu mnazoziita historia ya mgongo wako, nilipakua faili lote la taarifa zangu. Ni safu za saa na nyuzi, dakika kwa dakika. Usiku wa Jumamosi moja kifaa kilikuwa mezani, kimelala karibu na chaja, nami nimelala chumba kingine. Faili linaonyesha nyuzi 88 tangu saa nne usiku mpaka alfajiri, na kwenye grafu ya wiki usiku ule umepakwa wekundu mtupu. Asubuhi arifa ikaniambia wiki hii nimejikunja zaidi ya wiki iliyopita, nijitahidi. Meza yangu ina mkao mbaya, sawa, nakubali. Lakini wastani huohuo ndio mnaonitumia kila mwezi na kunishawishi nilipie usajili wa juu ili nione "uchambuzi wa kina". Huko ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe kwa malipo ya kila mwezi.

Tangazo. Kwenye ukurasa wa mauzo mmeweka mchoro wa kichwa kikiinama, na pembeni maandishi kwamba kwa nyuzi 60 shingo inabeba kilo 27. Namba hiyo naijua inakotoka: ni hesabu aliyoichapisha daktari wa upasuaji Kenneth Hansraj mwaka 2014. Ilitokana na modeli ya kompyuta ya uti wa mgongo, haikupimwa kwenye shingo za watu wanaoangalia simu. Ninyi mmeiandika kana kwamba kuna aliyeweka mizani. Hata hilo ningeliacha lipite. Linaloniudhi ni kwamba namba ni ya shingo, na kifaa kinabandikwa chini ya shingo, kati ya mabega, mahali ambapo shingo haionekani kabisa. Nimeshawaeleza jaribio la kamera. Mnamtisha mteja kwa shingo, mnamuuzia kipimo cha sehemu nyingine.

Mmoja wa wahudumu wenu aliniandikia pia kwamba nivumilie siku 21 kwa sababu ndio muda wa kujenga tabia. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta wastani wa siku 66, kuanzia 18 hadi 254 kutegemea mtu na tabia yenyewe. Nampa mhudumu huyo faida ya shaka. Pengine ndivyo alivyofundishwa. Ila tabia iliyokuwa inajengeka kwangu ilikuwa ya kutosikia mtetemo. Kengele inayolia kwa jambo jema na baya kwa sauti moja, mwili unaizoea haraka, na wangu uliizoea.

La mwisho, na hili sitaki lipotee katikati ya mengine. Nilijisajili kwa barua pepe ya kazini. Baada ya mojawapo ya masasisho, programu ilifungua kipengele cha timu na kunijulisha, kwa arifa ndogo iliyopita juu ya skrini, kwamba msimamizi wa akaunti ya ofisi anaweza kuona wastani wa mkao wa kikundi na saa ambazo wanakikundi wako mezani. Sikuombwa ridhaa. Kilichokuwepo ni swichi iliyokwishawashwa tayari, ndani ya ukurasa wa nne wa mipangilio. Saa nilizokuwa mezani si habari ya uti wa mgongo. Ni habari ya mahudhurio, na mwajiri akitaka mahudhurio yangu ana njia zake zinazojulikana, zisizobandikwa mgongoni kwa gundi. (Gundi yenyewe inawasha ngozi, lakini hilo angalau mmeliandika kwenye mwongozo.) Mtu mwenye maumivu ya kiuno ana sababu nzuri ya kutotaka bosi wake ajue ana maumivu ya kiuno.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki. Nirejeshewe bei kamili ya kifaa pamoja na usajili uliokatwa tangu nilipoandika barua pepe ya kwanza kuomba usitishwe. Taarifa zangu zote, pamoja na zile zilizokwishahesabiwa ndani ya wastani wa timu, zifutwe, na nipate uthibitisho wa maandishi unaotaja tarehe zilipofutwa. Jibu la "ombi lako linashughulikiwa" sitalihesabu kuwa uthibitisho. Swichi ya timu izimwe kwa kila mtumiaji mpaka aiwashe mwenyewe. Na tangazo lirekebishwe: ama muondoe mchoro wa shingo, ama muandike wazi chini yake kwamba kifaa hakipimi shingo wala kiuno. Sentensi moja inatosha. Nimeambatanisha video ya jaribio la kamera, nakala ya faili la usiku ule wa Jumamosi na picha ya ukurasa wa mipangilio ukionyesha swichi ikiwa imewashwa.

Sihitaji kifaa mbadala, kuponi, wala miezi ya usajili wa bure. Tafadhali msinipigie simu. Nataka majibu ya maandishi, yaliyosainiwa na mtu mwenye mamlaka ya kuamua, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila jibu, barua hii pamoja na viambatisho vyake nitaipeleka kwa mamlaka ya kulinda walaji na kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi. Kifaa nimekifungasha kwenye boksi lake, pamoja na waya wa chaji na gundi zilizobaki, kinasubiri maelekezo yenu ya kukirudisha kwa gharama yenu.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja (jina kamili na namba ya oda vipo kwenye risiti iliyoambatanishwa)

Nakala: Ofisa Ulinzi wa Taarifa wa kampuni