Tukichanga, msitusumbue

Mhariri,

Mwaka jana nilituma Sh200 kwa paybill, yaani namba ya kulipia kwa simu, ya shirika moja la mayatima. Tangu hapo simu haipumui: ujumbe alfajiri, ujumbe usiku, hata Jumapili katikati ya mahubiri. "Mpendwa mfadhili, watoto watalala njaa leo." Mfadhili gani, mimi muuza omena wa soko la Kibuye?

Kutoa sikatai. Ila namba yangu niliitumia kulipa, sikuwapa ya kunifuatia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kupinga matumizi ya data zake, na Kamishna wa Data hupokea malalamiko. Mashirika yaweke njia ya kujiondoa, tena ya bure. Kwa sasa mimi napeleka unga mwenyewe kwa wajane wa mtaani kwetu.

Muuza omena,
Kisumu